Mama Otuoma Ukutani

Fundi fremu wa Mabatini alipoigeuza ile picha ili mwenyewe aione, Shamsia alipiga yowe lililowatoa maseremala wa jirani na misumeno mikononi. Hakuwa ameumia. Alikuwa amefurahi, na Shamsia akifurahi ni mtu wa kelele, hata kwao walishamzoea.

Si bure alipiga yowe. Kwa miaka kadhaa binti huyu alikuwa akipiga picha katika studio ya mjomba wake, mzee Makame, pale Nyamagana: picha za pasipoti, za vyeti, za maharusi wameshikana mikono mbele ya bango la maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyejua yako nchi gani. Picha kubwa kuliko zote alizowahi kuzichapisha ingeenea juu ya sinia la chai. Hii ya leo ilikuwa na kimo cha mlango. Na mlangoni humo alisimama Mama Otuoma, muuza dagaa wa soko la Mwaloni, amemkazia macho anayemtazama, mikono ameikunjua mbele na magamba yanametameta viganjani. Picha yenyewe nyeusi na nyeupe tupu, wala mama wa watu hakutabasamu hata kidogo.

Mjomba Makame alipoiona kwenye kompyuta alitikisa kichwa. "Sasa mama, mtu amenuna hivi, nani atamweka sebuleni?"

"Haendi sebuleni, mjomba. Anakwenda kwenye maonyesho."

"Basi huko wanakopenda kununiwa," alisema mjomba, akarudi kwenye pasipoti zake.

Maonyesho yenyewe yaliandaliwa na Wilhelmina, mwanamke wa Bukoba mwenye miwani minene na maneno machache. Alikuwa amekodi ghala kuukuu la pamba kule Kirumba, kando ya ziwa, akalipiga chokaa ndani, kisha akatangaza kwamba atachagua wasanii watatu chipukizi wa Kanda ya Ziwa. Walioomba walikuwa wengi. Waliochaguliwa ni Zadok wa Musoma, Raya wa hapohapo Mwanza, na Shamsia, ambaye siku alipopigiwa simu alimkumbatia bwana harusi wa watu aliyekuwa akimpiga picha, bibi harusi akakasirika.

Na juu ya yote hayo alipewa ukuta wa mbele. Ule unaotazamana na mlango, ambao mgeni akiingia hawezi kuukwepa. "Picha moja tu," Wilhelmina alimwambia. "Huyo mama. Ukuta mzima ni wake. Lakini sikiliza, mimi nina sharti langu: aliyepigwa akisema hapana, picha inashuka, hata kama mgeni rasmi ameshakaa. Na ukuta utabaki mtupu, sina muda wa kutafuta kingine."

"Ameshakubali," Shamsia alijibu haraka.

Ni kweli alikubali. Asubuhi ile ya kupigwa picha Mama Otuoma alisema, "Piga tu, nyathina," kwa Kijaluo chake cha Rorya, yaani mwanangu, huku akiendelea kugeuza dagaa. Alikubali picha. Habari ya ukubwa, ya fremu na ya ukuta haikumfikia, kwa sababu Shamsia alitaka kumshangaza siku ya ufunguzi. Watu wenye furaha nyingi wana kasoro hiyo, hudhani kila mtu anapenda kushangazwa.

Ufunguzi ulikuwa jioni ya siku hiyohiyo, Jumamosi. Asubuhi Shamsia alikodi guta la kijana mmoja wa Kisukuma anayeitwa Ngosha, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, ili liichukue picha kutoka Mabatini hadi Kirumba. Fundi fremu akaonya kwamba kioo kikubwa namna ile hakilazwi, kikilazwa kitapasuka kwenye tuta la kwanza. Picha isimame, na mtu aishikilie. Akafunga vitambaa vyeupe kwenye kona zote nne za fremu nyeusi zisikwaruzike. Shamsia akapanda nyuma, amevaa baibui lake jeusi na mtandio mweusi, akaikumbatia picha kwa mikono miwili, uso wa Mama Otuoma ukitazama barabarani.

"Pole, dada," alisema Ngosha.

"Asante, nimeshapoa."

Ngosha akawasha taa zote za guta mchana kweupe, akaondoka kwa mwendo wa kinyonga. Shamsia akafurahi kupata dereva mwenye adabu na vioo vya watu.

Jamani, safari ile! Hawajavuka mtaa wa pili, wazee waliokuwa wakicheza bao wakaacha kete zao, wakasimama. Mwanamume mmoja akavua kofia, akaiweka kifuani. Bodaboda wakawa wanapisha, na hapa nazungumzia bodaboda wa Mwanza, ambao gari la zimamoto likipiga king'ora wao ndio kwanza wanalikata mbele. Wanafunzi wakanyamaza. Mama mmoja muuza ndizi akaitazama picha mpaka ikapita, kisha akafanya ishara ya msalaba.

Moyo wa Shamsia ulijaa ukafurika. Kumbe ndivyo ilivyo! Kumbe watu wa kawaida, wasiowahi kukanyaga kwenye maonyesho hata siku moja, wakiona kazi ya sanaa wanaijua! Alijiona msanii mkubwa. Alijiona Dar, Nairobi, alijiona akihojiwa redioni na kujibu kwa sauti ya chini kama watu wanaohojiwa sana. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu hata kusifiwa alikuwa bado. Machozi ya furaha yakamtoka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilishika fremu hakuweza kuyafuta. Walio kando ya barabara walipomwona analia, nao wawili watatu wakaanza kujifuta macho.

Walipopita mbele ya geti la Mwaloni, wanawake waliokuwa wamekaa na mabeseni yao walisimama kwa pamoja. Shamsia akawainamishia kichwa kwa heshima zote. Mmoja wao akashika kichwa kwa mikono miwili, akageuka, akakimbia ndani ya soko.

"Wamemtambua mwenzao!" Shamsia alimwambia Ngosha kwa furaha. Ngosha alizidi kupunguza mwendo.

Picha ilipokwisha kutundikwa, Wilhelmina alirudi nyuma hadi mlangoni, akavua miwani, akaivaa tena. "Ndiyo," alisema. Kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba. Akatoka nje kupokea vinywaji vya wageni, na Shamsia akabaki na muda wa kuzitazama kazi za wenzake kwa mara ya kwanza zikiwa zimekamilika.

Alianza na ya Zadok, na alianza kwa kudharau kidogo. Nyavu! Nyavu kuukuu zilizoning'inizwa kutoka kwenye maboriti ya paa hadi karibu na sakafu. Mwanza yote imejaa nyavu, mtu ataingia kutazama nyavu? Lakini ili upite ilibidi uiname, na alipoinama akajikuta ndani yake, uzi juu ya uzi, mwanga umekatwakatwa vipande vidogo juu ya baibui lake. Mahali fulani katikati Zadok alikuwa ameficha spika ndogo, na humo zilitoka sauti za wavuvi wakiitana gizani kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. "Uko wapi?" "Niko hapa." "Uko wapi?" Vinyweleo vikamsimama. Alitoka upande wa pili akiwa anataka kumpigia mtu simu, mtu yeyote, amwambie kwamba kuna kitu kinaitwa sanaa na yeye yumo ndani yake.

Kazi ya Raya ilikuwa viti. Vile viti vya plastiki vyeupe vya kukodi kwenye shughuli, vilivyokwisha kupasuka vikashonwa kwa waya na wenye navyo, mshono juu ya mshono. Raya alikuwa amevinunua hivyohivyo, akavipanga safu kwa safu, vinatazama mbele, bila kuongeza hata tone la rangi. Shamsia alivizunguka mara mbili. Mara ya kwanza alisema moyoni, hii nayo? Mara ya pili aliinama kutazama mishono, akaona kwamba hakuna miwili inayofanana, na kila mmoja una mkono wa mtu fulani asiyetaka kutupa kitu chake. Akataka kuvipiga picha vyote, kimoja kimoja, hata kama ingechukua mwezi.

Ndipo Zadok alipoingia na msokoto wa waya begani. Alipofika mlangoni aliona ukuta wa mbele, akasimama. Akavua kapelo.

"Pole sana, Shamsia," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sikuwa na habari. Mama alifariki lini?"

"Mama nani?"

"Huyu hapa."

"Huyu? Huyu mzima! Ni Mama Otuoma wa Mwaloni."

Zadok akaitazama picha, akamtazama yeye. "Mzima?" Akaweka waya chini. "Dada, sisi kwetu Mara, na hapa Mwanza kwa Wakristo karibu wote, picha kubwa hivi, fremu nyeusi, vitambaa vyeupe kwenye kona, ina kazi moja tu. Inabebwa mbele ya jeneza."

Kwa kina Shamsia, maiti husaliwa na kuzikwa, na hakuna picha inayotangulia. Misiba ya majirani alishahudhuria, hizo picha alishaziona kwa macho yake, lakini furaha ilikuwa imemziba. Sasa alitazama kwa macho ya Zadok. Aliiona fremu. Aliviona vitambaa. Akageuka, akaviona viti vya Raya, safu kwa safu, vinamtazama marehemu. Na juu, nyavu zimetanda mithili ya turubai. Halafu akamkumbuka mwenye kofia, na muuza ndizi, na bodaboda, na yule mwanamke aliyeshika kichwa. Na yeye mwenyewe, mwenye baibui jeusi, analia juu ya guta!

"Ya Rabi," alisema, "nimemuua Mama Otuoma."

Akampigia Mama Otuoma simu. Namba haipatikani. Akampigia jirani yake wa kizimba pale sokoni, na kabla hajasema neno akasikia vilio nyuma ya sauti ya jirani, naye akimwambia soko limesimama, kwamba Mama Otuoma alivuka kwenda Sengerema tangu juzi kufuata mzigo wa dagaa, simu yake imezima, na leo maiti imepitishwa barabarani. "Tumeambiwa imeingizwa ghala la Kirumba, tunakuja," jirani alisema, simu ikakatika.

Maji yalimfika Shamsia shingoni. Alijua vizuri kitakachofuata. Kumzushia mtu kifo ni uchuro. Hakuna anayerudi akakuta analiliwa halafu akacheka. Mama Otuoma akisema picha ishuke, itashuka, na wageni watakaribishwa na ukuta mtupu wenye misumari miwili. Na kusema atasema! Kwa mara ya kwanza siku ile Shamsia alinyamaza.

Kelele walikuja nazo wengine. Wanawake wa Mwaloni waliingia ghalani na khanga viunoni, mbele yao Adoyo, mdogo wake Mama Otuoma wa tumbo moja, muuza samaki wa kukaanga. Alipokutana na ule uso ukutani akajibwaga sakafuni.

"Uuwi! Aoko! Aoko, nyamera!" alilia, akimwita dada yake kwa jina la kuzaliwa. "Umeniacha na nani? Wewe uliyeniuguza mimi na watoto wangu ukalala sakafuni wiki nzima, wewe uliyenipa kizimba chako ukaenda kuuza juani, na mimi sikukwambia hata asante! Uuwi!"

Wenzake, kama ilivyo desturi, wakatafuta pa kukaa. Viti si vilikuwapo? Wakakaa. Wilhelmina aliingia mbio, mikono juu. "Jamani, hivyo ni kazi ya sanaa!"

"Tunaona, mwanangu," alijibu bibi mmoja, akijiweka sawa. "Vimeshonwa vizuri."

Shamsia alipiga magoti mbele ya Adoyo. "Mama, hajafa. Nakuapia. Yuko Sengerema."

"Wamemlaza hospitali ya Sengerema? Kumbe maiti bado iko huko!"

"Hakuna maiti, mama! Mzima! Amekwenda kufuata mzigo!"

Kilio kikapungua, kikakatika. Adoyo akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akamtazama vizuri binti huyu. "Kama mzima," aliuliza polepole, "kwa nini umemtundika?"

Shamsia alikuwa ameandaa majibu mengi kwa ajili ya jioni ile, majibu marefu yenye maneno mazito, na sasa hakuna hata moja lililokuja. "Kwa sababu ni mzuri," alisema.

"Mtu mzima kabisa, ana dada, ana watoto, unamtundika kwa sababu ni mzuri?"

"Ndiyo, mama."

Adoyo alikuwa bado anaitafuna hiyo habari aliposikika mtu mlangoni.

"Nani kaniua?"

Alisimama Mama Otuoma mwenyewe, mfuko begani, vumbi la Sengerema miguuni, amewaka moto. Wawili kati ya waombolezaji waliruka kutoka vitini wakakimbilia ndani ya nyavu za Zadok, wakanaswa humo, wakawa wanaomba msaada kwa lugha zote. Adoyo hakukimbia. Alimwendea dada yake akamshika uso, mabega, mikono, kama mtu anayekagua mzigo.

"Niache! Yawa! Nashuka bodaboda pale getini, kuli kaniona, katupa gunia la watu, kakimbia. Namsalimia mama wa chai, kaziba macho. Nauliza kuna nini, mmoja kajikaza kaniambia, wewe si umepita hapa asubuhi, umetangulizwa kwenye guta kwenda ghala la Kirumba?" Akamwona Shamsia. "Wewe."

"Shikamoo, mama," alisema Shamsia, bado yuko magotini.

"Marahaba. Marehemu anaitikia marahaba? Nyathina, nilikwambia piga. Nilikwambia nizike?"

"Nisamehe, mama. Sikukuuliza kuhusu ukubwa. Nilitaka ushangae."

"Nimeshangaa."

"Ukisema ishuke, naishusha sasa hivi kwa mikono yangu." Machozi yaliyokuja safari hii hayakuwa ya furaha. Pembeni Wilhelmina alivua miwani. Sharti lilikuwa lake.

Mama Otuoma alitua mfuko. Akapita katikati ya viti hadi ukutani, akajitazama. Alijitazama muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma, akainua viganja vyake akavilinganisha na vile vya kwenye picha. Hasira ilikuwa bado imo usoni, ila sasa ilikuwa haijui iende wapi.

"Adoyo," alisema bila kugeuka. "Nikiwa bado kule barabarani nilisikia unalia, unasema. Habari za kuugua. Za kizimba."

Adoyo aliona haya. "Ni maneno ya msibani tu, dada."

"Yaseme."

"Sasa uko hapa nitasemaje?"

"Ndiyo uyaseme. Niko hapa."

Adoyo alisokota khanga, akatazama chini, kisha akayasema; safari hii bila kilio, kwa sauti ya kawaida, na yalikuwa magumu zaidi hivyo. Kwamba alimuuguza. Kwamba alilala sakafuni. Kwamba kizimba kilikuwa chake na juani alikwenda yeye. "Asante," akamalizia. Mama Otuoma alisikiliza mpaka mwisho, mgongo umewaelekea watu wote, na mabega yakawa yanatikisika.

"Mama yetu," alisema baadaye, "alipata picha kubwa siku moja tu, naye amelala hajijui. Bibi hivyohivyo. Tunawachapisha wakubwa wakiwa hawana macho, na sifa zote tunawapa wakiwa hawana masikio. Mimi naiona. Mimi nimezisikia." Akageuka. "Hivyo vitambaa vya kwenye kona, toeni. Yenyewe isishuke."

Shamsia alipiga yowe kubwa kuliko lile la Mabatini, akamrukia Mama Otuoma shingoni, Mama Otuoma akamwambia amwachie pumzi, asije akafa kweli. Raya, aliyefika katikati ya vurugu na kukuta kazi yake imekaliwa, alisema hajawahi kuviona viti vile vikipendeza hivyo, tafadhali asisimame mtu. Zadok alikuwa bado anawanasua wale wawili.

Jioni wageni walipoingia walikuta ukuta wa mbele una mama wawili, mmoja ukutani na mwingine chini yake kwenye kiti kilichoshonwa, amenawa, amevaa kitenge cha kuazima, anapokea salamu. Waliotoka mbali walimzunguka kwa maswali, naye aliwajibu kama aliyezaliwa kwenye maonyesho. Mjomba Makame alikuja na kanzu safi, akasimama mbele ya picha kwa muda, akakiri kwamba kununa nako kuna namna yake. Shamsia aliruka kutoka kwa huyu hadi yule, hakula, hakunywa, kila aliyemuuliza swali alimshika mkono asiondoke kabla ya jibu.

Adoyo ndiye aliyemvuta pembeni, kwenye ukuta wa kando usiokuwa na kitu.

"Na mimi nipige," alisema. "Kubwa kama ile."

"Nitakupiga, mama. Jumatatu nakuja sokoni."

"Jumatatu?" Adoyo alitikisa kichwa, akauegemeza mgongo wake ukutani, akanyoosha khanga, akamkazia macho bila kutabasamu. "Jumatatu nani anaijua? Nipige leo, niione."

Shamsia akakimbilia kamera. Aliporudi, foleni ya wanawake wa Mwaloni ilikuwa imeshafika mlangoni.